Asilimia Tano ya Dharura

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali ya saruji, ukutani mwa duka la kutoa kopi, na anayekaa mwishoni hana budi kuaga kabla ya kuinuka, maana ubao una tabia ya kumwangusha anayebaki. Mbele yake inapita barabara ya malori ya mawe. Lori likipita, wanakijiwe hufunika vikombe kwa viganja na mazungumzo husimama, kisha vumbi likishatua mabegani mwao, aliyekuwa anasema huendelea pale pale alipoliachia neno. Birika ni la Shangazi, ambaye si shangazi wa mtu yeyote pale, ila amewagombeza wote kwa zamu hadi jina likamkaa. Siku hiyo mawingu yalikuwa yametanda tangu alfajiri, hayanyeshi wala hayaondoki, na hakuna aliyekuwa na habari ya kuchekesha. Basi akaja Dokta Nusu, kompyuta mpakato kifuani kama aliyebeba mtoto mwenye homa, akakaa, akanyoosha mkono kudai kikombe.

— Salamu umeiacha chuoni? Shangazi aliuliza.

— Nisamehe, Shangazi. Shikamoo.

— Marahaba. Nani kafa?

— Hajafa mtu. Wamenirudishia bajeti.

Jina la Dokta Nusu alipewa hapo hapo benchini. Mwaka wa kwanza wa masomo yake ya udaktari wa falsafa walimwita Dokta, kwa heshima na kwa haraka. Mwaka wa pili wakaona joho halionekani, wakamkata nusu. Sasa ni mwaka wa nne, na Spana, fundi magari, alikwisha pendekeza wamshushe hadi Dokta Robo, ila Shangazi alikataa akisema mtoto wa watu asivunjwe moyo.

Aliwaeleza. Wafadhili wameupokea utafiti wake, wameusifu kwa maneno matamu, lakini wanataka theluthi ya bajeti ikatwe, tena leo, kabla ofisi hazijafungwa. Isipokatwa, fedha wanapewa wengine. Profesa wake amemwandikia ujumbe wa maneno matatu tu: kata, tuma, nijulishe. Na chuoni, chumba cha wasaidizi kina watu sita na meza mbili, huwezi hata kukohoa bila kumwomba radhi mwenzako. Ndiyo maana amekuja kukatia hapa.

Utafiti wenyewe benchi zima liliujua kwa moyo. Unahusu vifua vya wale wanaoponda kokoto kule juu machimboni, malori haya yanakotokea. Dokta Nusu alikuwa na kifaa cha kupimia pumzi: mtu anakipuliza kwa nguvu zake zote, nacho kinasema mapafu yamebaki kiasi gani. Baba yake aliponda kokoto huko huko, akakohoa miaka mingi, akafa, na kwenye cheti wakaandika "kifua," basi, kana kwamba mtu anaweza kuuawa na kifua chake mwenyewe. Dokta Nusu alitaka ugonjwa ule upewe jina. Ukishakuwa na jina na takwimu, mwenye mashine za kusaga mawe atabanwa anyunyize maji, atoe barakoa, alipe. Hilo ndilo alilokuwa akilitaka duniani, kuliko hata joho.

— Kosa lako ni la kitoto, Spana alianza, akijifuta grisi kwa kitambaa chenye grisi zaidi. Ulipeleka bei ya kweli.

— Sasa nipeleke ya uongo?

— Nani kasema uongo? Mteja akileta gari, mimi namtajia mara mbili. Anashika kichwa, anaondoka, anarudi, tunashuka taratibu, tunakutana pale pale nilipopataka. Yeye anafurahi kanikomoa, na mimi nimekula changu. Wewe umetaja bei ya mwisho mara ya kwanza. Watu wenye pesa wasipokata hawapati usingizi.

— Wanakagua, Spana. Kila kitu na bei yake ya soko.

— Basi soko lao halina mafundi.

Bwana Vocha alikohoa kidogo kuonyesha kuwa sasa watu wazima wanaongea. Alikuwa karani wa malipo serikalini hadi alipostaafu, na hadi leo hata kahawa ya mkopo hanywi bila kumwandikisha Shangazi kwenye kikaratasi na kuweka sahihi.

— Fungua hiyo mashine, kijana. Soma fungu kwa fungu.

Dokta Nusu akafungua. Akasoma: gharama za uendeshaji za chuo.

— Kata, Spana akasema.

— Haiguswi. Chuo kinachukua sehemu yake kabla sijaiona.

— Kinafanya nini nayo?

— Kinaniruhusu kutumia jina lake.

— Endelea, Bwana Vocha alisema.

— Mkaguzi wa hesabu.

— Huyo naye haguswi, Bwana Vocha akawahi kujibu, kwa heshima kabisa, kama mtu aliyesikia jina la mkwe wake.

— Warsha ya kuwasilisha matokeo. Hoteli, siku mbili, wageni kutoka kwa wafadhili.

— Hiyo je?

— Wafadhili ndio waliosema iwepo.

— Sasa kijana, kinachogusika ni kipi?

Dokta Nusu alishusha macho kwenye kioo. Alijua jibu tangu usiku, na lilimuuma kulisema mbele za watu.

— Vinavyogusika ni vya machimboni. Nauli za kwenda, posho za wasaidizi, kifungua kinywa cha wanaopimwa, na zile safari zenyewe.

Lori likapita. Viganja juu ya vikombe. Vumbi likakaa juu ya kioo cha kompyuta, Dokta Nusu akalifuta kwa mkono wa shati, likaacha michirizi.

— Mimi nina njia, akasema Kopi kutoka mlangoni mwa duka lake.

Kopi ndiye mwenye duka. Amewatolea kopi wanachuo miaka mingi, na kwa kuwa kila andiko limepita mikononi mwake, hujihesabu kuwa naye amelisoma.

— Nimewafungia majalada watu walioitwa madokta wenye uso mkavu kuliko wako. Siri yao naijua. Hawaendi. Wewe tupime sisi wanne hapa, halafu zidisha. Nauli sifuri, kifungua kinywa kahawa ya Shangazi.

— Na nani analipa hiyo kahawa? Shangazi aliuliza.

— Sisi hatupondi mawe, Kopi, Dokta Nusu alisema.

— Vumbi si tunalila? Tena la kuletewa.

— Akipuliza Spana, mashine itapima sigara, Bwana Vocha alisema.

— Ipime, nani kaificha? Lakini mimi nakwenda mbali zaidi ya Kopi, Spana alisema, na macho yakaanza kumng'aa, dalili ya hatari. Shida ya bajeti yako ni watu. Mtu anataka nauli, anataka kunywa chai, anataka kulipwa siku yake, anataka kusomewa karatasi ndipo aweke dole. Acha watu. Pima mbuzi.

— Mbuzi gani?

— Si kuna mbuzi wanazurura kule machimboni mchana kutwa? Pua zao ziko chini zaidi, vumbi wanalivuta kabla ya binadamu. Mbuzi hadai posho. Na ukimaliza, matokeo unakula.

Hata Bwana Vocha alicheka, kicheko kifupi cha puani. Dokta Nusu hakucheka. Aliinamisha kichwa akafuta fungu la kifungua kinywa. Akapunguza wasaidizi wanne wakabaki wawili. Akafuta gari la kukodi, wapande malori ya mawe yanayorudi matupu. Kila alipobonyeza, jumla ya chini ilishuka kidogo, na kila ilivyoshuka Kopi, aliyekuwa akichungulia begani, alisema "bado."

— Mnajua wakubwa wangefanyaje? Bwana Vocha alisema. Wangeunda kamati. Kamati inakaa, inagundua fedha hazitoshi, inaomba fedha za kuchunguza kwa nini hazitoshi. Hizo huwa hazikatwi. Nimeandika vocha za namna hiyo hadi kidole kikaota sugu. Wewe omba fedha za utafiti juu ya ukosefu wa fedha za utafiti. Hutapanda hata mlima.

— Na wapondaji?

— Wataambiwa mchakato unaendelea.

Shangazi aliweka birika chini kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

— Nyinyi mnamchekesha mwenzenu na mwenzenu ana msiba. Dokta, baba, imebaki kiasi gani?

— Imebaki safari moja.

— Safari gani?

Akawaeleza polepole, na zaidi alikuwa akijieleza mwenyewe. Kila mpondaji alipangiwa kupimwa mara tatu: mwanzo, baada ya miezi sita, na baada ya mwaka. Mara ya kwanza unajua mtu yukoje. Mara ya pili unaona anaelekea wapi. Mara ya tatu ndiyo inayomfunga mdomo mwenye mashine asiseme ilikuwa mafua. Sasa hesabu haishuki pale wanapotaka ila mara moja kati ya hizo tatu itoke. Akiitoa, utafiti unabaki, joho linabaki, lakini ushahidi unachechemea.

— Itoe, Kopi alisema kwa upole. Kuliko kukosa vyote.

— Itoe, Spana naye akasema. Ukipata hizo mbili, ya tatu utatafutia mchongo kwingine.

Dokta Nusu alitafuta kwa macho mtu wa kumkataza. Bwana Vocha alikuwa anaangalia barabara. Shangazi anasuuza kikombe kilichokwisha suuzwa. Dokta Nusu akaifuta safari ya tatu. Jumla ikakaa sawasawa na walivyotaka wafadhili, na hapo alijisikia vibaya kuliko alivyojisikia asubuhi, wakati ilipokuwa bado imekataliwa.

— Na hii ya chini kabisa? Kopi aliuliza, kidole kwenye kioo. Dharura, asilimia tano?

— Hiyo haiguswi pia. Kanuni. Kila bajeti lazima iwe nayo.

— Hebu tazama, Spana alisema. Karatasi ina dharura, mimi sina. Mke wangu akijua kuna watu wanatengewa kabisa dharura yao, atanihama.

Wakati huo ndipo mwanamke mmoja alipovuka barabara kuja kwao. Hawakumjua. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, na nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga wa mawe kama za bibi kizee, ingawa uso ulikuwa wa mtu wa miaka thelathini hivi. Alimwamkia Shangazi kwanza, kisha Bwana Vocha, kisha akawasalimu waliobaki, akamwuliza Kopi kama anatoa kopi ya kitambulisho.

— Natoa. Cha kwako?

— Cha mume wangu. Wametuambia kule kazini kila anayetaka kupimwa kifua na watu wa chuo apeleke kopi kwa msimamizi. Yeye hapati nafasi ya kushuka.

Kopi alikipokea kitambulisho, na badala ya kuingia ndani akaonyesha benchi kwa kidevu.

— Mwenye kupima huyo hapo. Umemkuta anapika hesabu.

Mwanamke akamgeukia Dokta Nusu. Hakuonyesha kushangaa wala kufurahi. Alimtazama kama mtu anavyotazama kitanda cha hospitali kabla ya kukikalia.

— Ndiye wewe, kaka?

— Ndiye mimi, dada. Karibu. Mumeo anaponda tangu lini?

— Tangu hajanioa. Sasa hivi akilala chali hawezi, analala amekaa. Kaka, nilitaka kuuliza kitu, labda ni cha kijinga.

— Uliza tu.

— Mkimpima mkamkuta ameharibika, mnamfanya nini?

Lilikuwa swali la kawaida kabisa. Dokta Nusu alifungua mdomo akiwa na hakika jibu lipo, kwa sababu kwenye andiko lake lilikuwepo, ukurasa mzima.

— Tunampa barua ya kwenda hospitali kubwa.

— Na huko hospitali, barua ndiyo inalipa?

— Hapana. Barua ni ya kumwelekeza tu.

— Basi nani anayelipa?

Dokta Nusu akaanza kupekua andiko kwenye kioo. Spana, ambaye hawezi kuvumilia ukimya zaidi ya wakati wa kuwasha sigara, akadakia.

— Si kuna dharura pale? Asilimia tano. Mtu amekutwa mapafu yamekwisha, dharura gani nyingine mnasubiri? Weka hapo.

— Kweli kabisa, Kopi alisema. Hiyo ndiyo kazi yake.

Wote wakamgeukia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo walikuwa na nyuso za watu waliopata jambo. Dokta Nusu angetoa chochote asilijibu hilo. Alimgeukia Bwana Vocha, na Bwana Vocha, ambaye alikwisha lijua jibu, akavua miwani yake akaanza kuifuta.

— Haiwezekani, Dokta Nusu alisema. Dharura ni jambo ambalo hukulitarajia. Mvua imebomoa daraja, kifaa kimeibiwa. Hili mimi nimelitarajia. Nimeliandika mwenyewe ukurasa wa pili: tunatarajia wanne katika kila kumi wakutwe wameharibika mapafu. Nisingeandika hivyo wasingenipa fedha. Na kwa kuwa nimeandika, si dharura tena.

— Basi liweke kwenye fungu lake, Shangazi alisema. Kama ulijua watakuwepo, ulishindwaje kuwawekea fungu?

— Fedha za utafiti haziruhusiwi kutibu, Shangazi. Nilijaribu mwanzoni. Walilifuta fungu hilo kwa wino mwekundu.

— Kwa hiyo wakiwa wazima unaruhusiwa, na wakiwa wagonjwa huruhusiwi?

— Naruhusiwa kuwahesabu.

Spana, mwenye njia ya kila kitu, aligeuza kitambaa chake cha grisi upande huu na upande ule. Kopi akaingia ndani, mashine ikaunguruma mara moja, akatoka na kitambulisho na karatasi bado ya moto, akavishika mkononi bila kumpa mwenyewe. Dokta Nusu alisikia haya, haya ya kweli inayopanda shingoni, kwa sababu swali la mwanamke huyu halikuwa limewahi kuulizwa na profesa, wala jopo, wala wafadhili, na yeye mtoto wa mpondaji ndiye aliyepaswa kulijua kabla ya wote.

— Dada yangu, alisema, ukitaka asiandikishwe, hakuna atakayekulaumu. Ni hiari.

Mwanamke alifikiri. Alichukua kitambulisho kutoka kwa Kopi akakifunga kwenye ncha ya kitambaa chake. Karatasi akaiacha.

— Hiyo siku ya kupimwa, anapuliza halafu anarudi kuponda?

— Hapana. Anakaa nasi kutwa. Asubuhi anapuliza, anapumzika, mchana anapuliza tena. Siku hiyo haruhusiwi kugusa vumbi, itaharibu kipimo.

— Na ujira wa siku hiyo?

— Tunamlipa. Huo sikuukata.

— Anakaa tu, kivulini?

— Kivulini.

Kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea.

— Basi mwandikeni, alisema. Msimamizi alituambia ni mara tatu. Zitakuwa siku tatu hajavuta vumbi na tumekula. Tangu anioe hajawahi kupata siku kama hiyo hata moja.

Benchi zima likaangalia chini. Shangazi akainua birika, akalikuta jepesi, akaliacha. Dokta Nusu aliona ni yeye anayepaswa kusema, na kwamba hakuna wa kumsaidia.

— Zimekuwa mbili, dada.

— Mbili?

— Tumepunguza leo. Sasa hivi, kabla hujafika.

Mwanamke hakuuliza kwa nini. Alitikisa kichwa taratibu, akakubali, kama anavyokubali mtu aliyezoea kupimiwa pungufu dukani.

— Mbili si haba, kaka. Asanteni.

Akavuka barabara akaanza kuupanda mlima kwa miguu. Dokta Nusu akaivuta kompyuta karibu, akapita fungu kwa fungu kutoka juu hadi chini, akitafuta mahali pa kuinyofoa siku moja. Chuo hakiguswi. Mkaguzi haguswi. Hoteli haiguswi. Dharura haiguswi. Akarudi juu akaanza upya, na wenzake wakamwacha atafute, hakuna aliyemwambia "bado." Simu ikalia, profesa akauliza kama imekwisha. Dokta Nusu alisema imekwisha, akaituma ikiwa na zile mbili.